Kichwa Kinapopasuka Ghafla: Namna ya Kutambua Kubana kwa Ateri za Ubongo na la Kufanya Mapema

Mwanamke aliyekuwa amejifungua siku tisa kabla aliletwa asubuhi katika kituo cha afya nilichokuwa nikihudumu kama muuguzi na mkunga, upande wa Busia, mashariki mwa Uganda, akiwa amekaa kwenye boda boda katikati ya dereva na mama mkwe wake. Alikuwa amekishika kichwa kwa viganja vyote viwili, macho ameyafumba, na alipoulizwa kinachomsumbua alisema tu kwamba alikuwa akioga maji ya moto akahisi kama mtu amempiga utosini kwa mchi wa kinu. Nilimpima malaria, kipimo kikaonyesha mistari miwili, nikampa dawa za malaria na parasetamoli, nikamruhusu arudi nyumbani. Siku ya tano alirudishwa kwangu, mkono wake wa kushoto hauna nguvu, na katika siku hizo kichwa kilikuwa kimempasuka kwa namna ileile mara tatu zaidi.

Swali ambalo sikumwuliza ni moja: tangu maumivu yalipoanza hadi yakafikia ukali wake wa mwisho, yalichukua muda gani? Angenijibu kwamba hayakuchukua hata muda wa kulitua kopo la maji chini, na jibu hilo lingempeleka hospitali ya rufaa siku ileile. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya swali hilo, ili mgonjwa mwenyewe, au ndugu anayemsindikiza, alijibu hata kama musawo, yaani daktari au muuguzi, hakuliuliza.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Ateri zinazopeleka damu kwenye ubongo zina misuli katika kuta zake, na misuli hiyo hubana na kulegea kulingana na mahitaji ya mwili. Katika hali tunayoizungumzia, mpangilio huo huvurugika kwa muda: sehemu fulani za ateri husinyaa, sehemu nyingine hutanuka, hivi kwamba kwenye picha mshipa huonekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, pana kisha nyembamba kisha pana tena. Mara nyingi kubana huko huanzia kwenye vijishipa vidogo vya pembezoni, kisha katika siku zinazofuata husogea kuelekea ateri kubwa zilizo chini ya ubongo, na jambo hili lina uzito kwa mgonjwa kwa sababu picha iliyopigwa siku za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa ilhali ugonjwa upo.

Mwaka 1988 madaktari Gregory Call na Marie Fleming, pamoja na wenzao, walielezea hali za wagonjwa wa namna hii katika makala moja, na kwa miaka mingi ugonjwa ukaitwa kwa majina yao. Majina mengine yalikuwa mengi, kutegemea kama mgonjwa alikuwa mzazi, mtu wa kipandauso au mtumiaji wa dawa fulani, hadi mwaka 2007 ilipopendekezwa yote yaunganishwe chini ya jina moja, reversible cerebral vasoconstriction syndrome, ambalo madaktari hulifupisha kuwa RCVS. Herufi hizo nne ni vyema kuzikumbuka, kwa sababu daktari anayezisikia atajua mara moja unachokihofia.

Maana ya jina hilo ni kwamba kubana huko hurudi nyuma kwenyewe: kwa kawaida ateri hufunguka tena ndani ya miezi 3. Habari hiyo ni njema, lakini isimfanye mtu akae nyumbani akingojea. Katika wagonjwa 67 waliofuatiliwa jijini Paris na taarifa yao kuchapishwa mwaka 2007, asilimia 22 walivuja damu juu ya uso wa ubongo, asilimia 6 walivuja damu ndani ya ubongo wenyewe, na asilimia 4 walipata kiharusi cha kukosa damu. Kuvuja damu kulielekea kutokea mapema, katika wiki ya kwanza, na kiharusi cha kukosa damu kikaja baadaye, zaidi katika wiki ya pili. Mgonjwa wangu alipoteza nguvu za mkono siku ya tano baada ya kuja kwangu, wakati ambapo mimi nilikuwa nikidhani kwamba dozi ya malaria imekwisha na amepona.

Namna ya kuyatambua maumivu yenyewe

Watu wengi wakieleza maumivu ya kichwa hueleza ukali wake. Ukali peke yake hausaidii sana, kwani jino linauma vikali, malaria inauma vikali, na kipandauso kinaweza kumlaza mtu siku nzima gizani. Kinachotenganisha maumivu haya na mengine ni mwendo wake. Huanza kutoka hali ya uzima na kufikia kilele ndani ya dakika moja, mara nyingi kwa sekunde chache tu, kama radi inayopiga bila wingu kutangulia. Mgonjwa anaweza kukuambia hasa alikuwa akifanya nini: alikuwa akiinama kufagia, alikuwa akijikamua chooni, alikuwa katika tendo la ndoa, alikuwa akikohoa, akicheka sana, akilia kwa hasira, akioga, au akinyanyua jerikeni la maji. Mtu mwenye malaria kwa kawaida hawezi kukuonyesha kitendo kama hicho. Atasema kichwa kilianza jioni, kikaongezeka usiku, viungo vikauma, mwili ukachemka.

Alama ya pili ni kujirudia. Kila shambulio huweza kudumu dakika kadhaa hadi saa kadhaa, kisha likapungua na kuacha maumivu mepesi ya kichwa kizima, na baada ya siku moja au mbili likapiga tena. Mfululizo huo huweza kuendelea kwa wiki moja hadi tatu. Pamoja nayo huja kichefuchefu, kutapika, kutopenda mwanga, na wakati mwingine kuona ukungu au kupanda kwa shinikizo la damu. Nimewasikia ndugu wakisema, “lilimpata juzi, likapita, kwa hiyo si kitu.” Kupita kwake na kurudi kwake ndiko kunakopaswa kuwatia hofu.

Hata hivyo lazima niseme wazi jambo ambalo halina njia ya mkato: shambulio la kwanza la namna hii, likiwa peke yake, haliwezi kutofautishwa nyumbani na kupasuka kwa mshipa uliovimba ndani ya ubongo, ambako huua haraka. Maumivu huanza vilevile na huumiza vilevile. Kwa sababu hiyo mtu asijifariji kwa kusema “hii ni ile ya mishipa kubana, itaachia.” Kila kichwa kinachopasuka ghafla ni dharura ya siku ileile mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo.

Sasa kuhusu kipimo cha malaria, ambacho ndicho kilichonipotosha. Katika maeneo ya mashariki mwa Uganda kama Busia na Tororo, mahali ambapo mbu hawapungui, watu wengi hutembea na vimelea vya malaria katika damu bila kuumwa chochote. Kipimo kikionyesha mistari miwili kinasema vimelea vipo. Hakisemi kwamba vimelea ndivyo vilivyokipasua kichwa kwa sekunde mbili. Malaria itibiwe, hakuna ubishi, lakini safari ya rufaa isisimamishwe na mistari miwili. Hali kadhalika, homa ya uti wa mgongo, ambayo tunaiona sana kwa watu ambao kinga yao imeshuka, kwa kawaida hujijenga kwa siku au hata wiki, ikiwa na homa na shingo kukakamaa. Nayo ni dharura, ila mwendo wake ni mwingine.

Kwa mama aliyejifungua kuna mambo mawili zaidi ya kuangalia. Aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni wakati wa upasuaji anaweza kuumwa kichwa kinachozidi akikaa au kusimama na kupoa akilala chali. Hilo mara nyingi linatokana na majimaji yanayovuja pale sindano ilipopita. Na kifafa cha mimba hakiishi mtoto anapozaliwa: shinikizo la damu linaweza kupanda kwa hatari hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, na kichwa kikauma, macho yakaona vimulimuli. Huyo naye apimwe presha kabla ya kitu kingine chochote. Kubana kwa ateri na kifafa cha mimba vinaweza pia kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kupata jibu la kimoja hakufungi mlango wa kingine.

Saa ya kwanza

Tazama saa. Kama una simu, andika muda ndani yake papo hapo. Kama huna, omba mtu aandike kwenye karatasi au hata kwa wino juu ya mkono. Muda huo una thamani ambayo wengi hawaijui: picha ya CT, yaani picha ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, ikipigwa kwa mashine ya kisasa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze na kusomwa na mtaalamu, karibu kila damu iliyovuja kuzunguka ubongo huonekana. Saa zinavyozidi kwenda, damu hiyo hufifia kwenye picha, na daktari hulazimika kuitafuta kwa sindano ya kutoa majimaji ya uti wa mgongo. Kwa mtu wa Kampala saa 6 zinatosha. Kwa mtu aliye kijijini, barabara ikiwa na matope, saa hizo huishia njiani, na ndiyo maana nasisitiza kwamba uamuzi wa kuondoka usicheleweshwe na vikao vya ukoo.

Mlaze mgonjwa mahali tulivu, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo kwa mto, na asiachwe peke yake. Chochote alichokuwa akikifanya maumivu yalipoanza, asikirudie. Usimlazimishe kula wala kunywa dawa za miti shamba, hasa kama amesinzia au anatapika, kwani anaweza kupaliwa. Akipata kifafa, mgeuze alale ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na uhesabu kimedumu dakika ngapi.

Kwa maumivu, mpe parasetamoli peke yake. Mtu mzima anaweza kumeza gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, na asizidishe gramu 4 kwa saa 24. Najua kwamba katika maduka mengi ya dawa sindano ya diklofenaki ndiyo inayoombwa kwanza, kwa kuwa watu wanaiamini kuliko kidonge. Ikataeni siku hiyo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza uwezo wa damu kuganda, na hakuna anayejua bado kama ubongo unavuja damu. Dawa za kipandauso za kundi la triptani, pamoja na ergotamini, zikataeni kwa nguvu zaidi, kwa sababu kazi yake ni kubana mishipa. Ukimpa mtu huyu unaongeza kile kile kinachomuumiza.

Kuhusu usafiri, boda boda ni ya haraka lakini mtu anayeweza kupata kifafa au kuzirai hapaswi kukaa juu yake. Tafuteni gari, hata kama ni la mfanyabiashara wa sokoni, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au mhudumu wa afya wa kijiji aombwe kusaidia, kwa kuwa yeye mara nyingi ana namba ya simu ya ambulansi ya karibu. Kituo cha afya cha daraja la tatu hakina mashine ya CT. Kinaweza kupima presha na sukari, kumpa mgonjwa huduma ya kwanza na kuandika barua ya rufaa, na hayo yafanyike upesi bila kumlaza pale “tuone kesho.” Kabla ya kuondoka, pigeni simu hospitali mnayokwenda muulize maswali mawili: je, mashine ya CT inafanya kazi leo, na je, dawa ya rangi inayochomwa kwenye mshipa wakati wa picha ipo? Nimeona familia ikikodi gari hadi hospitali moja, ikakuta mashine imeharibika, ikakodi tena hadi nyingine, na fedha za kipimo zikaishia kwenye mafuta.

Maneno ya kumwambia musawo

Hapa Uganda mgonjwa anayezungumza Kiswahili huenda akahudumiwa na mtu anayezungumza Luganda, Lugisu, Runyankole au Kiingereza, na katikati akasimama jirani au mpwa anayetafsiri. Nimesimama mara nyingi katikati hapo, najua kinachopotea. Mgonjwa anasema, “nilipoinama, kichwa kikapasuka palepale,” na mfasiri, kwa nia njema, anasema, “kichwa kinamuuma sana.” Neno “palepale” limebaki njiani, na hilo ndilo lililobeba ugonjwa wote.

Kwa hiyo mwambieni mfasiri kabla hamjaingia ndani kwamba kuna mambo matatu ambayo lazima yafike kama yalivyo. Kwanza, maumivu yalianza saa ngapi na yalifika kileleni kwa muda gani. Semeni kwa sekunde au dakika. Pili, alikuwa akifanya nini wakati huo, hata kama ni jambo la faragha. Mume na mke huona aibu kutaja tendo la ndoa mbele ya mama mkwe au kijana anayetafsiri, na wauguzi tunaielewa aibu hiyo. Ombeni kuzungumza na musawo pembeni, lakini msilifiche. Tatu, je, limewahi kupiga hivyo katika wiki zilizopita, na mara ngapi? Baada ya hayo toeni dawa zote alizotumia, ziwekeni mezani.

Musawo akisema ni malaria au ni mawazo, mwulizeni kwa heshima: “Musawo, kichwa hiki kilifika kileleni ndani ya dakika moja. Je, tunaweza kuhakikisha kwamba hakuna damu inayovuja ubongoni wala mishipa iliyobana?” Sijawahi kumwona mhudumu wa afya aliyekasirishwa na swali lililoulizwa namna hiyo, na mimi binafsi ningeshukuru mno kama mama mkwe yule angeniuliza.

Vipimo na jinsi ya kuvielewa

Presha hupimwa kwanza, na kwa mjamzito au mzazi mpya mkojo nao hupimwa kuona kama una protini. Kisha hupigwa picha ya CT bila dawa ya rangi, kutafuta damu. Ikiwa safi lakini muda umepita, sindano ya uti wa mgongo hufuata; watu huiogopa wakidhani inapoozesha, lakini inachomwa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na majibu yake yanaweza kuokoa maisha. Baadaye huja picha ya mishipa yenyewe, iwe kwa CT yenye dawa ya rangi au kwa MRI, mashine inayotumia sumaku, na hapo ndipo zile shanga huonekana. Mashine hizo zipo katika hospitali ya taifa ya Mulago na katika hospitali kadhaa za binafsi jijini Kampala, na hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara zina CT.

Picha ya mishipa ikiwa ya kawaida katika wiki ya kwanza, msikubali neno “hana kitu” liwe la mwisho iwapo maumivu yanaendelea kupiga. Nimeeleza hapo juu kwamba kubana huanzia pembezoni, mahali ambapo mashine haioni vizuri. Ombeni picha irudiwe baada ya siku kadhaa. Na kama fedha haziruhusu picha ya pili, mwulizeni daktari kama anaweza kumtibu na kumfuatilia kwa kutegemea historia yake, kwani mtu aliyepasukwa kichwa ghafla mara kadhaa ndani ya wiki mbili, na damu ya mshipa uliopasuka imeshatafutwa ikakosekana, tayari anaonyesha sura ya ugonjwa huu.

Matibabu

Sehemu kubwa ya tiba ni kuondoa kilichochochea, kupumzisha mwili, kutuliza maumivu na kumwangalia mgonjwa kwa karibu. Madaktari wengi hutoa nimodipini, au verapamili kama nimodipini haipatikani. Dawa hizi hulegeza misuli ya mishipa na mara nyingi hupunguza idadi ya mashambulio ya kichwa, ingawa haijathibitishwa kwamba zinazuia kiharusi. Zinaweza kuishusha presha, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara, na presha haipaswi kuporomoshwa kwa kasi kwa sababu ubongo ambao ateri zake zimebana unahitaji msukumo wa damu. Mzazi mwenye dalili za kifafa cha mimba hupewa magnesiamu.

Kuna kundi moja la dawa ambalo familia inapaswa kuliulizia waziwazi, nalo ni steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni. Upo ugonjwa mwingine, wa mishipa ya ubongo kuvimba kwa sababu ya kinga ya mwili, ambao picha zake hufanana sana na hizi na ambao hutibiwa kwa steroidi. Kwa hiyo daktari mwenye nia njema anaweza kuzifikiria. Lakini katika kubana huku kwa muda, waliopewa steroidi wameonekana kufanya vibaya zaidi. Tofauti huonekana katika mwendo: ugonjwa wa uvimbe huja polepole, na kichwa chake huuma kwa wiki nyingi bila kupasuka. Tunarudi pale pale, kwenye saa.

Vinavyochochea, na bahasha ya duka la dawa

Wiki za kwanza baada ya kujifungua ni kipindi kinachojulikana sana, hata kwa mama ambaye mimba yake haikuwa na tatizo lolote. Nje ya hapo, orodha ya vichochezi imejaa vitu vya kununua. Dawa za mafua zenye sudoefedrini au efedrini, zinazofungua pua kwa kubana mishipa, zimo. Triptani na ergotamini zimo. Ergometrini, inayochomwa kuzuia damu baada ya kujifungua, imo, na vivyo hivyo bromokriptini inayotumika kukausha maziwa. Baadhi ya dawa za sonona zimo pia, lakini hizo mtu asiziache kwa ghafla bila kuongea na daktari aliyeziandika. Kisha bangi, kokeini, amfetamini, na kunywa pombe nyingi kwa mkupuo mmoja. Mairungi (miraa) nayo naiweka katika orodha ya kuachwa, kwa kuwa kemikali iliyo katika majani mabichi hufanya kazi mwilini kama amfetamini.

Mgonjwa wangu alipoulizwa hospitalini alitoa kwenye mkoba bahasha ndogo ya karatasi, ile inayotumika madukani, imeandikwa kwa kalamu “1x3” na hakuna kingine. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vyeupe visivyo na jina, alivyonunua kwa ajili ya mafua siku mbili kabla ya kichwa kupasuka. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni dawa gani. Tangu siku hiyo huwaambia watu wote: unaponunua dawa, mwombe muuzaji aandike jina lake juu ya bahasha, au akukatie kipande cha pakiti chenye jina. Ni haki yako, na haimgharimu kitu.

Wiki 12 nyumbani

Mkono wa mwanamke yule ulirudisha nguvu polepole; miezi mitatu baadaye alikuwa akimfunga mtoto mgongoni bila msaada, ingawa vidole viwili vilibaki vizito. Ninayoyaandika hapa ni yale yaliyofanyika kwake.

Katika wiki za mwanzo, hasa 3 za kwanza, mgonjwa asinyanyue vitu vizito. Jerikeni la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na mtu akilinyanyua hubana pumzi bila kujua. Asilime, asitwange, asipande mlima akiwa na mzigo. Choo kikiwa kigumu, asijikamue. Ale papai, mboga za majani na maharage, anywe maji, na akihitaji dawa ya kulainisha aiombe hospitalini. Kikohozi kitibiwe, ila si kwa dawa yoyote ya mafua ya dukani. Aoge maji ya uvuguvugu badala ya yale yanayofuka mvuke. Tendo la ndoa lisubiri mpaka mashambulio yakome na daktari aruhusu, na hili mume aambiwe na musawo mwenyewe, kwa sababu akiambiwa na mke peke yake huenda akalichukua vingine.

Arudi hospitali mara moja, hata usiku, kichwa kikipasuka tena, akikosa nguvu upande mmoja, maneno yakikwama, macho yasipoona vizuri, akipata kifafa au akisinzia kusiko kwa kawaida. Mwisho wa wiki 12, picha ya mishipa ikirudiwa na kuonekana imefunguka, ndipo jina la ugonjwa linapothibitika kikamilifu.

Kurudi kwa ugonjwa huu baada ya kupona ni nadra, ila kunatokea. Andika kwenye kitabu chako cha kliniki, kwa maandishi ya kusomeka, kwamba uliwahi kupata RCVS, mwaka gani, na ulikuwa ukitumia dawa gani. Ukipata mimba nyingine, kionyeshe kwa mkunga katika hudhurio la kwanza na umwombe aandike kwenye ukurasa wa mbele kwamba usipewe ergometrini, na kwamba ikihitajika dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, itumike oksitosini.